Filme « Stand and Deliver »: ile miaka walituficha

Wandugu, wengi wenu mlishaiona ao mlisikia habari yake. Ni filme ya 1988 ya Ramón Menéndez, juu ya Jaime Escalante, mwalimu wa kutoka Bolivia aliyefundisha kwenye lise ya Garfield, mashariki ya Los Angeles. Watoto wa kalasi yake ni wa familia za Wamexiko, wazazi wanashona nguo ao wanaosha vyombo. Yeye anawapeleka mpaka egzameni ya AP, ile inaruhusu mwanafunzi wa sekondari ajaribiwe kwa kiwango cha univerzite. Pointi ziko 1 mpaka 5. Ukipata 3 umepita, na univerzite mingi inaweza kukuhesabia hilo somo.

Tuseme kwanza yenye iko muzuri. Edward James Olmos hachezi mwalimu mtakatifu. Anatembea kama mtu mwenye mgongo unamuuma, anachekelea watoto, mara zingine anawaumiza kwa maneno. Pale anawaimbisha kalasi nzima kwamba hasi mara hasi ni chanya, kisha anawauliza kwa sauti ya chini « sababu gani? », mtu aliyeshika chaki anajua kwamba hiyo si maigizo tu. (Kwetu derive na entegrale ni kazi ya kawaida ya finaliste wa Math-Physique, hakuna univerzite inakuhesabia kitu. Tuyaache hayo.)

Shida yangu ni saa. Ndani ya filme, watoto wanaosumbuka na hesabu za msingi wanafika kwenye entegrale kwa haraka sana, kama vile ilihitaji tu moyo na mwalimu mkali. Kweli yenyewe ni ingine. Escalante aliingia Garfield 1974. Kalasi yake ya kwanza ilifika kwenye egzameni 1979: watoto tano, wawili walipita. 1980 walipita 7 juu ya 9. 1981, 14 juu ya 15. Ile 1982 ya filme, pale wote 18 walipita, ilikuja kisha miaka nane. Na wale 18 walikuwa wameshapita aljebra, jeometria na trigonometria.

Wala hakuwa peke yake. Ben Jimenez alikuwa anafundisha kalkulasi pembeni yake. Prefe Henry Gradillas alimpa nguvu na nafasi ya kupanga masomo toka chini. Kwenye filme hautawaona. Wakubwa wa shule wanaonekana zaidi kama watu wa kuweka vizuizi, mwalimu anapigana nao peke yake. Escalante mwenyewe alisema filme ni asilimia 90 kweli na 10 maigizo. Mimi naona ile 10 ndiyo iliondoa miaka na ikaondoa wenzake, na hiyo ndiyo ingetusaidia sisi.

Nasema hivi juu niliona matokeo. Kwenye shule moja nilifundisha, walionyesha wafinalisti hii filme mwezi wa pili, ili wapate moyo kwa Egzameni ya Serikali. Walipiga mikono. Kesho yake kijana mmoja wa nyuma akaniuliza: « Mwalimu, tukianza leo, tutafika? » Hakuwa anajua kupanga ekwasyo ya daraja la pili. Nilimjibu ndiyo. Mpaka leo lile jibu linaniuma, kwa sababu nililitoa kwenye filme, sikulitoa kwenye kile nilijua juu yake.

Lakini kuna sehemu moja ambayo siigusi: ile ya kushukiwa. Wasahihishaji waliona makosa yanayofanana kwenye majibu, wakawaita 14 kati ya wale 18 kujieleza. Wawili wakaacha, 12 wakarudilia mtihani, na wote 12 wakapita. Ndani ya filme, Escalante anawaambia wale wakaguzi wazi: kama majina na mtaa vingekuwa vingine, hakuna mtu angeuliza. Sisi tunaotoka mashule ya pembeni tunajua hiyo baridi. Mtoto wa mjini akileta asilimia 80, tunamwagia poda. Wa kijijini akileta 80, watu wanauliza alikopia kwa nani. Filme haituambii kama kulikuwa kukopia ao hapana. Inatuonyesha uso wa mtoto anayelazimishwa kustahili mara mbili. Hapo ndipo ni kubwa.

Mwisho wake, Escalante anatembea kwenye korido na hesabu zinaandikwa juu ya skrini, mwaka kwa mwaka, zinapanda mpaka 87 kwa 1987. Zinaanzia 18. Ningekuwa mimi, ningeandika kwanza ile ya 1979: watano wameketi, wawili wamepita.