Samaki wa majini na samaki wa mezani

Mwenye kutafsiri hukosa mara nyingi katika neno dogo, lile asilolihofu. Tutazame neno la Kiingereza «fish». Kamusi ya Kihispania inampa maneno mawili, «pez» na «pescado». Mtu wa haraka anatwaa la kwanza na kuendelea. Anakosa. Kwa kawaida «pez» ni samaki aliye hai majini. «Pescado» ni yule aliyekwisha kuvuliwa ili aliwe. Na kama «fish» ni tendo, basi ni «pescar», maana yake kuvua.

Sisi pia tumo hatarini, kwa sababu «samaki» yetu inafunika hao wote wawili. Tunasoma Yoane, sura ya 21, wala hatuoni kitu. Lakini katika Kigiriki, samaki waliojaa wavuni wanaitwa «ichthys», na yule aliye juu ya makaa anaitwa «opsarion», ndiyo kusema kitoweo cha kulia mkate. Tena Yesu anapoagiza waletwe wale waliovuliwa sasa hivi, anatumia neno hilo la pili: wamekwisha kuwa chakula. Anayeandika «pez» po pote anafifisha karamu ile ya asubuhi, ambayo Bwana mwenyewe aliwaandalia wafuasi wake.

Basi, kabla ya kuchagua neno, tuulize kwanza habari yenyewe: samaki huyu anaogelea, ama yuko mezani? Kamusi haiwezi kutujibia.