Wino Mwekundu Haufuti Wino wa Buluu

Jumamosi moja mjukuu wangu alivuka daraja kutoka Mwanza, akaniletea hapa Busisi simu yenye wimbo wa Siti binti Saad. Wimbo ulikuwa mmoja, nakala mbili. Ya kwanza ilikuwa na mkwaruzo wa sindano mwanzo hadi mwisho, kama samaki anayekaangwa chumba cha pili. Ya pili ilikuwa imesafishwa kwa kompyuta.

"Babu, hii ndiyo inayosikilizika," akasema.

Nakiri masikio yangu yaliipenda. Lakini niliporudia kusikiliza nikaona kasoro. Sauti za s na sh ni nyembamba na za juu, zinafanana mno na ule mkwaruzo. Chujio likiutoa mkwaruzo bila uangalifu, huondoka nazo. Siti akawa kama mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Kwa mwimbaji aliyependwa kwa maneno yake, hiyo si hasara ndogo.

Wako wanaosema santuri isiguswe, kwani hiyo ndiyo historia. Nao siwaungi mkono moja kwa moja. Siti na wenzake walipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, mkwaruzo haukuwa miongoni mwa wapigaji. Kwa sehemu uliletwa na sindano za chuma zilizozikwangua santuri majumbani mwetu. Na kasi je? Tunaziita santuri za mizunguko 78 kwa dakika, lakini baadhi ya zile za zamani hazikurekodiwa kwa 78 kamili. Anayezizungusha zote kwa 78, akidhani anatunza ukweli, huenda anampandisha au kumshusha mwimbaji sauti. Hata uaminifu unahitaji sikio.

Jambo hili si la mchezo. Shaaban Robert alituandikia wasifu wa Siti, lakini kitabu hakiimbi. Mama huyo alifariki mwaka 1950. Sauti yake imebaki kwenye santuri, dakika tatu hivi kila upande. Ikipotea humo, hatuna pengine pa kuichukua.

Hukumu yangu ni ya kimwalimu. Miaka yote nilisahihisha insha za wanachuo kwa wino mwekundu juu ya wino wa buluu. Msomaji aliweza kuona mwanachuo alisema nini, na mwalimu alidhani nini. Mara moja tu nilimwandikia mwanachuo insha yake upya, ipendeze kwenye jarida la chuo. Ilipendeza kweli, ila mwenyewe alipoisoma hakuitambua. Aibu ile ninayo hadi leo.

Basi wasafishaji wasafishe, na vijana wafurahi. Lakini nakala ghafi itunzwe kando, na msikilizaji aelezwe kilichoondolewa.

Mjukuu wangu alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniomba nichague nakala moja, maana simu yake imejaa. Nilimwambia apunguze picha.