Kijiti cha Taniboi

Taniboi alivua viatu kwanza. Akavipanga kando ya gurudumu la mbele, akapandisha kikoi, akakata tawi la mathenge na kulichambua miiba kwa kisu. Nikadhani anataka kuingia majini. Hakuingia. Alikwenda hadi pale maji yalipokomea mchangani, akachomeka kijiti chake, akachutama kukitazama.

Tulikuwa kwenye laga moja, mto wa msimu, kati ya Modogashe na Habaswein, lori limesheheni unga na mafuta ya kupikia. Juu yetu hapakuwa na wingu hata la kudanganyia, na mvua haikuwa imenyesha pale kwa zaidi ya wiki. Lakini laga ambayo asubuhi mbuzi waliivuka wakitimua vumbi sasa ilikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakipita taratibu, hayafiki hata magotini. Nilikuwa kijana na haraka za kijana. Nikauliza tunangoja nini. Dereva, mtu mzima ambaye sote tulimwita abti, yaani mjomba, hakunijibu. Alinyoosha kidole kuelekea kwenye povu.

Ndani ya povu mlikuwa na vijiti, majani makavu na samadi ya mbuzi. Ilinichukua miaka kuelewa alichokuwa akinionyesha. Maji yanayopanda hufagia kingo: kila shubiri yanayoongeza yanakuta taka mpya ya kuokota. Maji yanayoshuka yameshamaliza kufagia. Hupita yakiwa na tope tu, na nyuma yake huacha mstari wa unyevu mchangani kama wa mtu aliyefuta kikombe. Samadi inayoelea ni habari kwamba huko juu bado kunaongezeka. Baada ya nusu saa kijiti cha taniboi kilikuwa kimesimama ndani ya maji, kiganja kizima kutoka ukingoni, wala hakuna aliyeniambia neno.

Ufundi huu sijausikia ukisifiwa, nami naona sababu. Washairi wa Kisomali wamemsifu ngamia kutoka nundu hadi nyayo. Mwashi ana nyumba ya kuonyesha, mshonaji ana kanzu. Huyu wa kijiti atakuonyesha nini? Lori ambalo halikusombwa. Aliyevuka kwa bahati ana kisa cha kuwasimulia wajukuu. Aliyengoja ana usiku mmoja wa mbu na lawama za mwenye mzigo.

Nilikuja kuukuta ufundi uleule mahali nisipoutarajia, kwenye Mlima Kenya, nikiwa nimevaa sweta tatu za kuazima. Tulitoka saa tisa usiku kwenda Lenana, kilele cha mita 4,985 ambacho watu wa kawaida hukifikia kwa miguu. Saa hiyo haichaguliwi kwa ajili ya kuwahi macheo peke yake, ingawa wapiga picha wataapa hivyo. Baridi ya usiku ndiyo saruji ya mlima: huyashika mawe na theluji mahali pake, na jua likichomoza saruji hiyo huanza kulegea. Kilimanjaro ilionyesha gharama ya kulegea huko Januari 2006, mawe yalipoporomoka kwenye njia ya Western Breach na kuwaua wapandaji 3 kutoka Marekani.

Usiku ule theluji mbichi ilikuwa imeanguka. Tulipofika kwenye mteremko ulioinama vibaya, kiongozi wetu, mzaliwa wa Naro Moru, alisimama akachomeka fimbo yake. Ilizama kwa urahisi, ikagota, ikazama tena. Akapiga goti, akachimba kwa mkono, akamulika tochi shimoni. Juu palikuwa na theluji mpya iliyoshikana kama ubao mwembamba. Chini yake punje zilizolegea, kama sukari. Chini zaidi, barafu ngumu. "Hii ya juu imelala tu," alisema, "haijashika." Nilielewa papo hapo, kwa sababu kwetu mtu akitandika mkeka juu ya punje za mtama hahitaji kuambiwa kitakachotokea akiukanyaga. Akageuka. Tukageuka naye.

Sitajifanya kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimetoka Garissa, mji ulio kama mita 150 tu juu ya bahari, nimelipa, nimekohoa usiku kucha, na kilele nakiona pale. Mwenzetu mmoja alinung'unika kwamba wengine wangepita. Pengine wangepita. Hilo ndilo linaloudhi katika kazi hii: anayekataa hapati ushahidi. Mteremko usipoporomoka siku hiyo utasemwa alikuwa mwoga, na ukiporomoka hatakuwepo mtu wa kuona.

Ulaya wamelipa jambo hili taasisi na lugha yake. Kutoka Davos, Uswisi, hutolewa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji majira yote ya baridi, kwa kipimo cha ngazi 5. Mlima Kenya hauna taarifa ya namna hiyo. Una mtu na fimbo. Tena mtu huyo anasoma mlima mgumu zaidi kwa namna moja: umekaa kwenye ikweta, kwa hiyo una majira mawili kwa wakati mmoja. Katikati ya mwaka jua likiwa kaskazini, upande wa kusini huwa kwenye baridi yake na barafu hukaza, huku miamba ya kaskazini ikikauka kwa wapandaji wa mawe. Ifikapo Desemba mambo hupinduka. Phil Snyder na mpandaji mwenzake, Mkenya Thumbi Mathenge, walipopanda ufa wa barafu uitwao Diamond Couloir kwa mara ya kwanza mwaka 1973, walikuwa wakiufuata mlima kwa kalenda hiyo. Siku hizi barafu ya sehemu ya chini ya ufa huo imekonda mno. Kalenda inachakaa, na msomaji inambidi ajifunze upya.

Kilichonishangaza niliporudi nyumbani ni kwamba mlima ule ulikuwa wetu muda wote. Tana huchota maji yake huko na kwenye milima ya Aberdare. Ewaso Nyiro nao unatoka upande wa pili wa Mlima Kenya na milima jirani, ukajikokota jangwani hadi kinamasi cha Lorian karibu na Habaswein, kwenye barabara ileile ya lori letu. Barafu yenyewe ni tone tu katika mito hiyo. Mzigo mkubwa ni mvua ya miteremkoni, mvua iliyowanyeshea watu wengine. Ndiyo maana Garissa mtu anaweza kufurikiwa akiwa na kiu ya mvua. Bwawa la Masinga likijaa hufurika, mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere hupokezana mzigo, na siku kadhaa baadaye maji yanapita chini ya daraja letu yakitafuta mashamba. Wazee bado wanautaja mwaka wa mafuriko wa 1961. Sisi tuna wa kwetu: mwishoni mwa 2023 barabara ya Nairobi ilikatika upande wa Madogo na watu wakavushwa kwa boti, na Aprili 2024 basi lenye abiria zaidi ya 50 likasombwa na maji yaliyofunika barabara. Abiria waliokolewa. Wengi walisalimika juu ya paa, na picha zao tuliziona sote kwenye simu.

Nashukuru kwa vibao vya kupimia mtoni na kwa maonyo yanayotangazwa redioni mabwawa yanapokaribia kufurika. Mto mkubwa una watu wanaousemea. Laga haina kibao wala msemaji. Nyingi hazina hata jina nje ya vinywa vya wachungaji, na zinapata maji mara chache kwa mwaka, wakati wa gu na deyr, misimu yetu miwili ya mvua, kwa saa chache. Hapo anabaki taniboi.

Jioni ile alikuwa ameshachomeka kijiti cha tatu. Pikapu ya miraa ilifika nyuma yetu ikipiga honi, dereva wake akashuka akatazama maji, akamtazama kijana aliyechutama, akauliza kwa Kisomali kama panapitika. Kijana hakugeuka. Alikuwa ametega sikio kuelekea juu ya laga, ambako mimi sikusikia chochote. Abti akawasha sigara akaiacha iungue. Kisha taniboi akainuka, akapangusa mchanga nyayoni, unyayo mmoja baada ya mwingine, akaja hadi kwenye gurudumu la mbele na kuanza kuvaa viatu vyake. Yule wa pikapu akazima injini. Mimi nikapanda juu kushusha sufuria ya chai.