Kumjua Zimwi: Utambuzi wa Mhusika Mwovu katika Kazi za J.R.R. Tolkien

Wahenga walinena kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo yahusu zimwi limjualo mtu. Haielezi yatokeayo pindi watu wanapolijua zimwi. Suala hili la pili ndilo kiini cha utambuzi katika masimulizi ya ajabu. Aristotle aliufasili utambuzi kuwa ni mpito kutoka katika kutojua kuingia katika kujua. Fasili hiyo ni sahihi, lakini haitoshi, kwani haiulizi ni nani ajuaye, wala akishajua hutenda nini.

Kazi za Tolkien zatoa mfano wa kufaa. Katika The Hobbit (1937), mwovu akaaye kusini mwa msitu wa Mirkwood hutajwa kwa mbali tu kama mchawi aitaye wafu; jina la Sauron halimo. The Lord of the Rings (1954-55) ndiyo iliyobainisha kuwa mchawi huyo ni Sauron. Kwa mujibu wa tarehe zilizomo katika nyongeza za kitabu hicho, wenye hekima walidhani mwanzoni kwamba bwana wa ngome ya Dol Guldur ni mmoja tu wa watumishi wake. Mwaka 2063 wa Enzi ya Tatu, Gandalf alikwenda kuchunguza, mwovu akakimbilia mashariki. Mwaka 2850 aliingia tena, akathibitisha kuwa ni Sauron mwenyewe. Mwaka uliofuata alilihimiza Baraza liishambulie ngome, lakini Saruman akapinga, kwa kuwa naye aliitamani Pete. Shambulio lilingoja hadi 2941. Sauron alikuwa amekwisha kujiandaa. Akaondoka, na mwaka 2951 akajitangaza waziwazi huko Mordor.

Basi, miaka 90 ilipita baina ya shauri na tendo. Kilichomwokoa Sauron si siri yake, maana ilikwisha fichuka, bali ni hila ya mmoja wa wale waliomjua.

Hali ni tofauti katika baadhi ya hadithi za Wagikuyu, ambamo irimu hujigeuza kijana mtanashati. Mdomo wa pili ulio kisogoni, uliofunikwa na nywele, ndio umfichuao. Alama hiyo i mwilini, na yeyote mwenye macho aweza kuiona, hata msichana asiye na cheo. Ujuzi huwa mali ya jamii, na aghalabu ndugu huja kuokoa.

Kwa Tolkien, ujuzi umehodhiwa na wachache. Wakazi wa Shire, ambao ndio watakaobeba mzigo mzito zaidi, huelezwa mwisho. Aidha, tukio la 2850 halionyeshwi kwa kirefu. Limewekwa katika masimulizi ya Baraza na katika nyongeza. Msomaji apendaye taharuki aweza kuiona hii kuwa kasoro ya fani. Hata hivyo, fani hiyo yaafikiana na maudhui: msomaji naye hupata habari kwa kuchelewa, kama wapatavyo wanyonge.

Hivyo, uhakiki wa mhusika mwovu usikomee pale barakoa ianguskapo. Zimwi lililojulikana na wakubwa peke yao, wakanyamaza, huendelea kula.