Mruko wa Kwanza Peke Yako: Kwa Nini Somo la Diani Halitoshi Kericho

Mkenya anayetaka kujifunza kuruka kwa mwavuli huteremka hadi Diani, pwani ya kusini, ambako Skydive Diani hufundisha wanaoanza juu ya ufuo wa bahari. Kericho na Bomet hakuna kituo cha namna hiyo, ingawa viwanja vidogo vya ndege vipo: Kerenga upande wa Kericho, Itembe upande wa Bomet. Vijana wa nyanda za chai wakiuliza kwa nini wasirukie kwao, wana haki ya kuuliza. Wengi watawajibu kwamba kinachokosekana ni ndege na fedha. Kwa maoni yangu kikwazo kikubwa zaidi kimo ndani ya somo lenyewe. Mafunzo ya mruko wa kwanza jinsi yanavyotolewa pwani yamepangwa kwa ardhi iliyo usawa wa bahari, na ukiyapandisha hadi mita 2,000 bila kuyagusa, namba zake kadhaa zinazomlinda mwanafunzi hazitashika tena.

Tuangalie kwanza jinsi kazi inavyofanyika. Mtindo unaotawala leo ulianzishwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwanafunzi huruka na mwavuli wake mwenyewe mgongoni, wakufunzi wawili wamemshika huku na huku, na mwavuli ukishafunguka hubaki peke yake mpaka ardhini. Hutoka ndegeni kwenye futi 13,000 hivi, huanguka kwa kasi inayokaribia kilomita 190 kwa saa, na hufungua kwenye futi 5,500. Kabla ya hapo hupitia saa kadhaa za mafunzo ya ardhini, na kiini chake si kumtia ujasiri. Ni kumfanya aamue mapema mambo ambayo angani hatapata muda wa kuyafikiria. Mwavuli ukifunguka, anajiuliza maswali matatu: una umbo lake, umetulia, unaongozeka? Likipatikana jibu la hapana, na tatizo halijatengemaa kufikia futi 2,500, hakuna tena kubahatisha. Anautazama mpini wa kulia, anauchomoa ili kuuachia mwavuli mkuu, kisha anavuta mpini wa kushoto kufungua wa akiba. Mlolongo huo hurudiwa akiwa ananing'inia kwenye mikanda ya mazoezi mpaka mikono iufuate bila kusita, kwa sababu anayeanguka bila mwavuli kutoka futi 2,500 ana sekunde kama 14 tu kabla ya kufika chini.

Kwamba nidhamu hii inaokoa maisha, takwimu za chama cha warukaji wa Marekani, USPA, zinaonyesha. Katika miaka ya 1970 mchezo huu uliua wastani wa watu zaidi ya 40 kwa mwaka nchini humo. Mwaka 2023 walikufa 10, katika miruko ipatayo milioni 3.65. Vifaa vimechangia sana, hilo halina ubishi. Ila ndani ya maendeleo hayo kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja: sehemu kubwa ya vifo vya siku hizi hutokea chini ya mwavuli uliofunguka vizuri kabisa, wakati wa kutua. Hatari imehama kutoka kwenye kufungua hadi kwenye kugusa ardhi, na kutua ndiko kunakobadilika zaidi unapopanda kutoka Diani hadi Kericho.

Chukua siku ya kawaida, nyuzi 28 za joto Diani na nyuzi 20 Kericho. Hewa ya Kericho itakuwa nyepesi kwa takriban moja ya tano. Mwavuli hubebwa na hewa, kwa hiyo mtu yuleyule chini ya mwavuli uleule atasonga mbele na kushuka kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 11 hivi. Ongezeko hilo linaonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi: miguu yake itapokea nguvu iliyoongezeka kwa karibu robo. Ili atue kwa upole uleule wa pwani, aliyekuwa akitumia mwavuli wa futi za mraba 230 angehitaji wa 285 hivi. Hata wakati wa kuvuta breki zote mbili karibu na ardhi unabadilika, maana jicho lililozoeshwa kasi ya Diani litachelewa. Somo la kutua Kericho basi lianze na mwavuli mkubwa zaidi, na lirudie kwa wingi zoezi la kuporomoka huku miguu na magoti yamebanwa pamoja, zoezi ambalo sehemu nyingi hulipitia kwa haraka.

Kuna pia suala la kipimo cha kimo. Kipimo cha mkononi huwekwa sifuri ardhini kabla ya kupaa. Kikiletwa kutoka Diani bila kurekebishwa, kitasoma zaidi ya futi 6,500 wakati mtu amesimama katikati ya michai, na anayesubiri futi 5,500 hataziona kamwe. Kosa kubwa hivyo mkufunzi yeyote atalinasa. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kosa dogo, kwa sababu nchi ya Kericho na Bomet ni ya migongo na mabonde. Tuseme upepo umemsukuma mwanafunzi hadi juu ya mgongo wa kilima uliozidi uwanja kwa futi 300. Kipimo kinamwambia yuko futi 1,000 na ana nafasi ya kupanga mzunguko wa kutua, kumbe anazo 700. Kifaa kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe, ambacho kimeenea tangu Cypres ya Ujerumani ilipotoka mwaka 1991, nacho huhesabu kutoka mahali kilipowashwa. Kikipangwa kufanya kazi kwenye futi 750, juu ya mgongo ule zimebaki 450, yaani sekunde mbili na nusu za kuanguka. Darasa la nyanda za juu lazima lifundishe ramani ya vimo vya eneo zima, jambo ambalo ufuo tambarare haulidai.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni kwamba vifaa hivyo pamoja na redio ya mkufunzi vinatosha kumvusha mgeni. Havitoshi. Kifaa kile huamshwa na kasi ya kuanguka; mtu anayeelekea kwenye nyaya za umeme chini ya mwavuli mzima hakimsaidii kitu. Redio nayo huzimika, na ikizimika hubaki kile alichofundishwa. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: wenyeji wa huku, waliolea wanariadha wa masafa marefu, wamezoea hewa nyepesi. Ni kweli miili yao imezoea, na hilo ni faida ndegeni. Mwavuli haukuzoea, na kasi ya kutua haimuulizi mtu kazaliwa wapi.

Wapo pia watakaosema mtindo wa wakufunzi wawili ni bora, basi uletwe ulivyo. Hapa kimo kinatoa hukumu. Futi 13,000 juu ya Kericho ni zaidi ya futi 19,500 juu ya usawa wa bahari, na kanuni za USPA hudai oksijeni ya ziada kuanzia 15,000. Ndege ndogo isiyo na oksijeni itamwachia mwanafunzi futi 8,400 tu juu ya ardhi, na akifungua kwenye 5,500 atakuwa ameanguka kwa sekunde 20 hivi, pungufu ya nusu ya zile anazopata pwani. Hazitoshi kutulia, kusoma kipimo, kufanya mazoezi ya kuvuta na kumsikiliza mkufunzi. Ndiyo maana naona njia ya zamani, ya kamba iliyofungwa ndegeni na kufungua mwavuli mara tu mtu anapotoka, inafaa zaidi huku. Mruko wake huanzia futi 3,500 hivi juu ya ardhi, urefu ambao ndege ndogo huufikia bila taabu. Wanaoiita ya kizamani wanasahau kwamba inampa anayeanza mitihani miwili mikubwa, kukagua mwavuli na kutua, bila kumrundikia wa tatu.

Mandhari na hewa vinakamilisha somo. Kutoka juu, chai iliyokatwa sawasawa huonekana kama zulia, lakini chini yake kuna mashina magumu, na pembeni mikaratusi mirefu. Mwanafunzi aonyeshwe picha za angani za eneo lenyewe, aeleze kwa mdomo atakakotua na atakakokimbilia asipofika. Mchana, upepo wa Ziwa Victoria hukutana na wa mashariki na kujenga mawingu ya radi na mvua ya mawe, mawe mabaya kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilirushwa juu ya mashamba ya Kericho kunyunyizia mawingu kemikali ili kuyapunguza. Mruko wa anayeanza huku ni wa asubuhi, na ratiba isiyokubali kuahirishwa isikubaliwe.

Kijana wa Litein au Sotik asiyeweza kusubiri aende Diani. Atapata msingi mzuri. Lakini cheti cha pwani kisichukuliwe kuwa ruhusa ya kutua Kericho. Na yeyote atakayewaza kufungua kituo Kerenga au Itembe, nasaha yangu ni moja: kabla ya kutafuta ndege, aketi na mkufunzi mwenye uzoefu wa nyanda za juu, aandike upya somo la ardhini namba kwa namba, kisha alipeleke kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya likaguliwe.