Banda Lilituchagulia Gemu

Uliza wasee wa rika langu hapa Nairobi gemu bora zaidi kuwahi kutoka kwa PlayStation 2 ni gani, na majibu ni matatu tu: PES, San Andreas, God of War. Wachache watataja Tekken 5, mmoja ataleta Def Jam: Fight for NY, kisha mabishano yatarudi palepale, kama PES 5 ilikuwa kali kuliko PES 6. Jibu langu ni Shadow of the Colossus. Na kila nikilitoa naulizwa: hiyo nayo ni gani?

Hilo swali limenisumbua kiasi cha kuandika. Shadow of the Colossus ilitoka mwaka 2005, mwaka mmoja na God of War, kwa mashine ileile, na zote mbili zilitolewa na Sony yenyewe. Haikuwa siri. Kama hatukuijua, si ati hatukuwa na ladha. Ladha yetu ilikuwa na mtu anayeipanga, na mtu huyo alikuwa saa ya banda.

PS2 iliingia sokoni Japani mwezi Machi 2000, na hadi Sony inaacha kuitengeneza, zaidi ya mashine milioni 155 zilikuwa zimeuzwa. Wengi wetu mtaani hatukuikuta sebuleni kwetu. Tuliikuta kwa banda: mabati, runinga tatu au nne, benchi la mbao, na jamaa wa kukusanya coins. Ulilipia mechi, au ulilipia dakika. Sasa fikiria hesabu ya mwenye banda. Gemu nzuri kwake ni ile inayoisha haraka, inayochezwa na watu wawili ili alipwe mara mbili, na isiyohitaji kuhifadhiwa popote. Memori kadi ya PS2 ilikuwa na MB 8 pekee, ilikuwa ya banda, na yeyote angeweza kufuta ulipofikia. Ukianza stori ndefu Jumatatu, Jumatano unaikuta imepigwa na mtoto wa class five aliyetaka nafasi.

Ndiyo maana PES ilitawala. Na nisieleweke vibaya: PES 6 ni kazi kubwa. Mpira wake una uzito, pasi mbaya inaenda mbaya kweli, na mchezaji aliyechoka unamwona amechoka. Liverpool waliitwa Merseyside Red kwa sababu Konami hawakuwa na leseni, na hakuna aliyejali. Adriano wa Inter akipata nafasi ya kupiga shuti kwa mguu wa kushoto, kipa anaomba tu dua. Lakini PES haikuwa na hadithi ndani yake. Hadithi ilikuwa kwa benchi: nani amefungwa nne, nani anadai kontrola ni mbovu, nani amelipiwa na nani. Konami walielewa soko hilo hadi mwisho. PS3 ilikuwa imetoka tangu 2006, lakini mwaka 2013 bado walikuwa wanatoa PES mpya kwa PS2. Kwa banda, PES ni namba moja na sitabishana.

Shida inaanza tukigeukia gemu zenye hadithi, kwa sababu huko banda lilitupa vipande tu.

Chukua San Andreas ya 2004. Ni mwaka 1992. Carl Johnson anarudi Los Santos baada ya miaka mitano, kumzika mamake. Kabla hata hajafika nyumbani, polisi anayeitwa Tenpenny anasimamisha teksi yake, anachukua pesa zake, anamtishia kumbambikia mauaji, kisha anamtupa kwa mtaa wa maadui. Kwa dakika chache tu umepewa msiba, deni, ndugu aliyekasirika kwamba ulitoroka, na askari mwenye mamlaka juu ya maisha yako. Kijana wa Eastlands hahitaji kutafsiriwa hiyo scene. Hapo San Andreas inaandika kitu ambacho riwaya nyingi za mjini zinakitafuta: nyumbani ni mahali ambapo unapendwa na unawindwa kwa wakati mmoja.

Nani kati yetu aliifuata hiyo stori? Kwa banda ulikuwa na dakika ishirini. Unaweka machiti, unapata silaha na kifaru, unaruka angani kwa jetpack, unachoma mji, muda unaisha. CJ tuliyemjua hakuwa na mama wala ndugu. Alikuwa mikono tu.

Nilipokuja kuicheza yote, kwa PS2 ya mtumba niliyonunua Luthuli Avenue, nilikuta riwaya nzuri na pia nikakuta ufa wake. Stori inakwambia kifo kina uzito. Mama amekufa na nyumba yote imevunjika. Lakini ukitoka nje na kumuua mpita njia, maiti inaangusha pesa, unaokota, unaendelea. Simulizi inaomboleza huku barabara inalipa. Waandishi wa gemu hiyo wanajua kuandika huzuni, lakini mfumo wao wa pesa haujaisoma hiyo huzuni. Na kadiri safari inavyoenda jangwani na kwa kasino za Las Venturas, ule uzito wa mwanzo unapotea, hadi mwisho ghasia zinapolipuka mtaani baada ya Tenpenny kuachiliwa na mahakama. Hapo inakumbuka tena ilianza ikisema nini.

God of War ina ufa huohuo, ila umefunikwa na dhahabu. Kratos ni mtu aliyelaghaiwa na mungu wa vita, Ares, hadi akawaua mke wake na binti yake kwa mikono yake, na jivu lao limeganda kwa ngozi yake. Hiyo rangi nyeupe tuliyodhani ni mtindo ni maiti za familia yake. Ni wazo zito sana. Halafu kuna yule nahodha mwanzoni, aliyemezwa na Hydra. Kratos anaingia kooni mwa yule nyoka, nahodha anadhani ameokolewa, Kratos anachukua ufunguo shingoni mwake na kumwachilia aanguke. Banda lote lilicheka. Mimi pia nilicheka, na bado nadhani ni scene iliyoandikwa vizuri, kwa sababu inakuonyesha uko ndani ya mtu wa aina gani.

Lakini angalia vidole vyako vinafundishwa nini. Ukiua, mpira mwekundu wa nishati unakuingia na silaha inakuwa kali zaidi. Kitufe kinatokea juu ya kichwa cha adui, unabonyeza kwa wakati, unazawadiwa mauaji ya kupendeza. Masikio yanaambiwa huyu mtu anateseka. Mikono inaambiwa, fanya tena. Nikipima gemu, mimi huamini mikono.

Ndiyo maana namweka Fumito Ueda na timu yake juu ya wote. Shadow of the Colossus inaanza na kijana, Wander, akiwa juu ya farasi wake Agro, amebeba maiti ya msichana hadi hekalu lililo ndani ya nchi iliyokatazwa. Sauti isiyo na mwili inamwambia: ua majitu 16, huenda akafufuka. Basi. Hakuna kijiji, hakuna duka, hakuna maadui wadogo wa kupitisha muda. Unainua upanga juani, mwanga unakuonyesha njia, unapanda farasi kwa kimya kirefu hadi umfikie jitu.

Kisha unalipanda. Kushikilia manyoya yake unabana kitufe cha R1 na huruhusiwi kukiachilia. Jitu linajitikisa, nguvu za Wander zinaisha, na kidole chako nacho kinauma kweli. Sijui gemu nyingine ya wakati huo iliyoweka mwili wa mchezaji karibu hivyo na mwili wa mhusika. Muziki wa Kow Otani unapanda, unajisikia shujaa. Unachoma upanga kichwani, damu nyeusi inaruka, jitu linaanguka polepole kama jengo. Na hapo muziki unabadilika kuwa wa matanga.

Hakuna pesa. Hakuna silaha mpya. Nguvu zako huongezeka kidogo, ni kweli, lakini pamoja nazo nyuzi nyeusi zinatoka kwa mzoga na kukuchoma kifuani, unazirai, unaamka hekaluni umezungukwa na vivuli. Kadiri unavyoshinda, uso wa Wander unazidi kuchakaa na kupauka. Hakuna mtu anayekuhubiria. Gemu inakuacha uone tu.

Wa 13 ndiye aliyenimaliza. Ni nyoka mkubwa anayepaa juu ya jangwa, na hakushambulii. Hata mara moja. Unampiga mishale akiwa angani, anashuka, unamkimbilia na farasi, unarukia bawa lake. Anachofanya ni kujaribu kukukwepa, kujificha mchangani, na kupaa tena. Unaweza kukaa hapo chini umtazame kwa saa nzima na hakuna kitakachotokea. Ili gemu iendelee lazima wewe uanze. Katika PES, San Andreas na God of War sijawahi kulazimika kujiuliza kama nataka kushinda.

Ina kasoro, tena kubwa. Kamera inakwenda inakotaka. PS2 inahema, jitu likiwa karibu, picha inakwama kama intaneti ya saa mbili usiku. Agro hageuki kila unapomwambia, ingawa hilo mimi nalihesabu kuwa zuri, kwa sababu farasi si gari. Toleo jipya la PS4, lililotengenezwa na Bluepoint mwaka 2018, limesafisha picha.

Sasa iweke hiyo gemu kwa banda. Mtu mmoja anacheza, dakika kumi ni kupanda farasi tu, na hakuna wa kushindana naye. Mwenye banda angeitoa kabla jua halijazama. Simlaumu, alikuwa na kodi ya kulipa. Lakini tukae na ukweli kwamba kile tunachoita chaguo letu kilipimwa kwanza na bei ya dakika.

Na biashara hiyo haijaisha, imebadilisha tu kibanda. PES yenyewe iligeuzwa eFootball mwaka 2021, ya bure, na mlango wake ni wa kadi za wachezaji unazonunua ndani. Gemu za simu zinajengwa ili usimalize. Wakati huohuo kuna vijana wa hapa wanaotengeneza gemu zao. Mwaka 2015 tuliona Nairobi X, ambapo mji wetu unavamiwa na viumbe wa anga na kazi yako ni kuwafyatulia risasi. Ni mwanzo, na naufurahia. Lakini mtu hutengeneza kwa kile alichoonja. Kama tulionjeshwa tu gemu ambazo kuua kunalipa, nani atatuandikia ile ambayo kunagharimu? Hadithi zetu za majitu tunazo, na mara nyingi zimwi lina sababu zake.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Itafute Shadow of the Colossus, ya PS2 au ya PS4. Weka simu mbali. Fika kwa yule wa 13, mtazame kidogo kabla hujachukua upinde. Kisha rudi uniambie kama PES 6 bado ni namba moja. Namba mbili naweza kubali.