Machozi Yanavyopungua Baada ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Mgonjwa aliyeondolewa mtoto wa jicho, yaani lenzi ya asili iliyoingia ukungu, akawekewa lenzi bandia, huweza kuona vizuri na bado akalalamika kwamba jicho linakwaruza kana kwamba lina mchanga, au kwamba linatoka machozi mfululizo. Dalili hii ya pili huwapotosha wengi, ilhali jicho kavu likisumbuliwa na hewa hububujika machozi mepesi yasiyoweza kulifunika kwa muda.

Lawama huangukia kwanza mkato. Konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, ina neva zinazoingia kutokea ukingoni mwake, nazo ndizo huupasha ubongo habari za ukavu ili kope zipepese na tezi zitoe machozi. Katika njia aliyoibuni Charles Kelman mwaka 1967, ambapo lenzi husagwa kwa mawimbi ya altrasaundi na kufyonzwa, mkato wa konea siku hizi huwa na upana wa milimita 2 hadi 3. Upasuaji wa mkono, unaotumika sana Afrika Mashariki kwa kuwa hauhitaji mashine ya gharama kubwa, huchimba njia ya milimita 6 hadi 7 kuanzia kwenye weupe wa jicho hadi ndani ya konea, baada ya kufunuliwa utando wenye seli za ute unaoyashikiza machozi. Neva zikishakatwa, habari hupungua na kupepesa hupungua pamoja nazo.

Hata hivyo, mkato haufanyi kazi hiyo peke yake. Dawa ya kuua vijidudu ya povidoni-ayodini ya asilimia 5, ambayo haifai kuachwa kwa sababu huzuia maambukizi yanayopofusha, huudhi seli za juu za konea, na baada yake hufuata wiki kadhaa za matone ya steroidi na antibiotiki, mengi yakiwa na benzalkoniamu kloridi, kihifadhi kinachovuruga tabaka la mafuta linalozuia machozi kukauka. Hapa ndipo penye nafasi kubwa ya marekebisho, maana neva hazina budi kukatwa, lakini kihifadhi chaweza kuepukwa dawa mbadala zinapopatikana.

Kosa zito zaidi hutangulia kisu. Mpindo wa konea kavu hupimika vibaya, na kosa la dayopta 1, kipimo cha nguvu ya lenzi, huzaa kosa la karibu dayopta 1 katika lenzi bandia itakayochaguliwa. Karatasi ya Schirmer, inayopachikwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5, ikilowa chini ya milimita 5, ukavu unastahili kutibiwa kwanza, hasa kwa wagonjwa ambao trakoma imewaachia makovu ndani ya kope.

Wengi hupata nafuu ndani ya miezi 3 kwa machozi bandia yasiyo na kihifadhi. Lakini maumivu makali, wekundu unaozidi au uoni unaofifia katika siku za mwanzo visichukuliwe kuwa ukavu: mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo.